Aliyetia Sahihi Darajani

Sajini wa upande wa Uganda hakutaka barua ya mchungaji wala muhuri wa kanisa. Alitaka mtu.

"Hawa watu kumi na mbili nakwenda Mombasa kuimba," alisema, huku akipekua vitambulisho kama mtu anayechanganya karata. "Sawa. Jumapili narudi. Kama harudi, mimi nakamata nani?"

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka wa sabini na saba, kwenye daraja la Malaba. Upande wa Kenya, basi la kukodi lilikuwa limekwisha kuwashwa, na watu thelathini wa kwaya walikuwa wameketi ndani wakiwaita wauza ndizi madirishani. Mwalimu Zilpa, aliyeiandaa safari ile tangu mwanzo, alikuwa amevuka daraja kuwachukua waimbaji kumi na wawili wa Tororo. Walisimama nyuma ya kizuizi na mabegi yao. Kando yao alisimama kaka yake Zilpa, Zephaniah Ekwaro, seremala. Yeye hakuwa msafiri. Alikuja kuwasindikiza tu.

Zilpa ndiye aliyemgeukia.

"Kaka, watilie sahihi," alimwambia kwa Kiteso ili sajini asielewe. "Ni wiki moja tu."

Ekwaro aliwatazama wale kumi na wawili mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi hata siku za Jumapili. Tangu baba yao afariki ndiye aliyemlea Zilpa. Vitanda alivyouza ndivyo vilivyompeleka dada yake chuo cha ualimu. Alipooa alikwenda kukaa kwenye shamba la mjomba wao ng'ambo ya mto, zamani hizo ambapo kuvuka mto hakukuwa na maana yoyote. Ulikwenda ng'ambo asubuhi kuangalia ng'ombe, ukarudi mchana kula.

"Mtarudi?" aliuliza.

"Tutarudi, mzee," alijibu Josiah Ochom, kiongozi wa wale wa Tororo, mwalimu wa sekondari mwenye sauti nzito iliyobeba safu nzima ya besi.

Ekwaro akachukua kalamu. Sajini akampa karatasi, na Ekwaro akaisoma hadi mwisho kwa kidole, akatia sahihi. Halafu akampa Zilpa kifurushi cha karanga za kukaanga, akasema, "Mkifika baharini mwonjeeni wifi yako hayo maji, mje mtuambie kama kweli ni chumvi." Wifi huyo ni mkewe, Nasimiyu, aliyepooza miguu miaka minne kabla na ambaye hakufika mbali zaidi ya mlangoni.

Kizuizi kikainuliwa.

Safari hiyo ilikuwa ndoto ya Zilpa. Kwa miaka miwili kwaya iliimba kwenye arusi na harambee kutoka Angurai, nyumbani kwao, mpaka Busia, ili siku moja wote kwa pamoja wapande basi, wafike pwani, kisha waifuate ile barabara inayopita kando ya bahari kutoka Mombasa mpaka Malindi, wakisimama kila palipo na kanisa, waimbe, waogelee, wapumzike kama watu wengine. Bila wale wa Tororo kwaya haikuwa kwaya. Wenzake walimwonya kwamba mambo ya ng'ambo yameharibika, kwamba watu wanachukuliwa ofisini na hawaonekani tena. Zilpa alijibu kwamba ndiyo maana wanahitaji wiki moja ya kupumua.

Walilala Nairobi, kisha Mombasa. Jumatano asubuhi Okal, dereva, mtu wa mzaha asiyekauka maneno, aliliongoza basi kwenye barabara ya kaskazini. Bahari ilikuwa inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea, kati ya minazi. Kila ilipojitokeza watu walipiga kelele kama watoto. Walipita mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari hadi macho yakachoka. Mama mmoja muuza samaki wa Busia alisema hili si ziwa, hili ni kitu kingine, na akataka basi lisimame ashuke aombe. Likasimama. Akashuka, akaomba, watu wakacheka hadi machozi.

Zilpa alikuwa amekaa kiti cha mbele. Alipogeuka ili acheke nao, aliona kwamba wale wa Tororo hawacheki. Walikuwa wamekaa pamoja nyuma, na hakuna aliyekuwa anaangalia bahari. Nabwire, mwanamke mwembamba wa sauti ya kwanza, alikuwa amevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, katika joto lile. Zilpa alidhani ni aibu ya mtu asiye na sanduku.

Kilifi walikuta foleni ya kivuko. Ng'ambo ya mkono ule wa bahari barabara iliendelea, lakini hapakuwa na daraja. Magari yalivushwa kwa feri, machache machache, na abiria walitakiwa kushuka na kutembea. Jua lilikuwa limesimama utosini. Watu wakatawanyika kununua korosho. Nabwire alikuwa anateremka ngazi ya basi aliposhikwa na kizunguzungu, akaanguka, na mfuko wake ukafunguka chini.

Zilpa alikuwa wa kwanza kufika. Alimwinua, akamwomba mtu maji, akaanza kuokota vitu. Vyeti vya shule, vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Hati ya shamba. Cheti cha ubatizo. Picha ya arusi iliyotolewa kwenye fremu, kingo zake bado zina alama ya misumari midogo. Hakukuwa na nguo ya kuogelea, wala kitambaa cha kwaya. Zilpa alichuchumaa pale na vitu vile mkononi.

Alivirudisha vyote mfukoni. Kisha akamtafuta Ochom, akamkuta amesimama peke yake karibu na maji.

"Mwalimu," alimwambia, "Jumapili mtarudi?"

Ochom hakujifanya haelewi. Hilo Zilpa alimkubalia, hata baadaye.

"Haturudi, mwalimu."

"Wote?"

"Wote. Kuna mtu Nairobi anatungoja, mtu wa kanisa. Tukitoka Malindi tunaachana nanyi."

"Kaka yangu ametia sahihi."

"Najua."

"Alijua?"

Feri iligonga gati, mnyororo ukalia, mtu akapiga kelele kuongoza lori.

"Hatukumwambia," alisema Ochom. "Hatukujua kwamba wataomba mdhamini. Siku zote walikuwa wanaangalia barua tu. Alipochukua ile kalamu nilitaka kusema. Walaahi nilitaka. Lakini sajini alikuwa pale pale, mwalimu. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

"Ningesema hapana tungerudi nyumbani, na mimi jina langu liko kwenye orodha. Walimu wawili wa shule yangu walichukuliwa mwezi wa tano. Mume wa Nabwire walimchukua Februari, mchana, mbele ya darasa. Nabwire alipokwenda kuuliza wakampa kiatu kimoja. Wakamwambia aende nacho azike."

Zilpa aliomba kitu ambacho mpaka leo anakionea haya. "Basi rudi wewe," alisema. "Wewe peke yako. Waone kwamba mtu amerudi."

"Wataniua."

"Na yeye?"

Ochom akatazama maji. Zilpa akamshika shati, mwanamke wa miaka arubaini na mbili, mwalimu wa Shule ya Jumapili, akamtikisa mbele ya wauza korosho. "Na yeye?" alisema tena. "Na yeye, Ochom?" Alisema atakwenda polisi pale pale Kilifi. Ochom akamwambia aende, hatamzuia. Polisi watawarudisha mpaka Malaba kwa gari, na huko watapokewa. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayeeleza njia.

Zilpa alitembea hadi kituo cha polisi. Alikiona, bendera na maua mekundu mbele yake. Alisimama chini ya kivuli cha duka la jirani kwa muda wa kutosha feri kwenda na kurudi mara mbili. Kisha akarudi kwenye basi.

Walipovuka, wenzake waliimba. Hawakujua kitu. Abiria wengine wa feri waliwapigia makofi, na mzungu mmoja akawapiga picha. Zilpa alifungua mdomo pamoja nao, na hakuna sauti iliyotoka.

Asubuhi ya Alhamisi, posta ya Malindi ilipofunguliwa, alikuwa mlangoni. Usiku kucha alikuwa ametafuta maneno. Simu ya maandishi ikienda Tororo ingesomwa na watu wasiotakiwa kuisoma. Kwa hiyo aliipeleka Malaba ya Kenya, kwa Roselida, mke wa mchungaji: MWAMBIE EKWARO MAMA YETU MGONJWA SANA. AJE ANGURAI NA MKEWE KABLA YA JUMAPILI. ZILPA. Mama yao alikuwa amekufa mwaka wa hamsini na tisa. Ekwaro ndiye aliyetengeneza jeneza. Akisikia hivyo ataelewa.

Alimweleza Okal dereva peke yake. Okal alisikiliza bila mzaha hata mmoja.

"Unataka tuchelewe?" aliuliza.

"Tukichelewa wataanza kuuliza. Tukiwahi, kaka hatapata nafasi ya kuvuka. Turudi siku ile ile tuliyosema."

"Na hawa?"

"Hawa washushe Nairobi," alisema Zilpa. Alishangaa kuisikia sauti yake ilivyokuwa ya kawaida.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili zilizobaki za likizo zilipita: waliimba kanisani Malindi, walikula samaki, vijana walichomwa na jua wakabambuka pua. Zilpa aliingia baharini hadi magotini kwa sababu wenzake walimvuta, na maji yalikuwa kweli ya chumvi. Jumamosi mchana, Nairobi, basi lilisimama karibu na uwanja wa kanisa moja na wale kumi na wawili wakashuka na mabegi yao. Nabwire alitaka kumkumbatia Zilpa. Zilpa aliangalia pembeni, akaanza kuwahesabu waliobaki ingawa hakukuwa na haja. Ndani ya basi watu walikuwa wamekwisha kuelewa, na kutoka Nairobi hadi Malaba hakuna aliyeimba.

Walifika Jumapili saa tisa mchana. Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba, lilikuwa wazi ng'ambo, halina wingu. Roselida alikuwa anangoja kwenye kituo cha mafuta kabla ya daraja, na alipanda basi kabla halijasimama vizuri.

"Mwalimu, usishuke hapa," alisema. "Twende kwanza nyumbani."

"Amevuka?"

"Wifi yako yuko kwangu."

"Roselida, nimeuliza, amevuka?"

Roselida akakaa kwenye kiti kilichokuwa tupu kando yake, akamweleza.

Simu ilifika Alhamisi jioni. Ijumaa Roselida alimtuma mwanamke muuza dagaa aliyekuwa anavuka kila siku, akaupeleka ujumbe kwa kichwa, bila karatasi. Ekwaro alimfanya aurudie mara mbili. Halafu aliketi kwenye benchi lake la useremala, akasema, "Basi hawarudi." Alimpa yule mama chai.

Jumamosi alfajiri alimweka Nasimiyu kwenye mkokoteni wake wa mbao, akamfunika na magunia, akaenda naye chini kabisa mtoni, mbali na daraja, mahali ambapo maji hufika kifuani wakati wa kiangazi. Akambeba mgongoni. Muuza dagaa alimsaidia kushika miguu ya mkewe isielee. Wakavuka. Upande wa Kenya akamweka chini ya mgomba, nguo zinachuruzika, akamwambia asubiri, watu wa Roselida wanakuja.

"Halafu?" aliuliza Zilpa.

"Halafu akarudi."

"Akarudi wapi?"

"Kuchukua vifaa. Randa, misumeno, ile drili ya mkono. Alisema Kenya hawezi kuwa mzigo kwako, lazima afanye kazi. Wifi yako alimwomba. Alimshika kanzu. Kaka yako akamwambia ni dakika ishirini tu." Roselida alifuta uso kwa kiganja. "Mtu aliwaona na mkokoteni. Walimkuta ndani ya karakana anafunga vitu kwenye shuka."

Okal alizima injini. Hakuna aliyeshuka kwenye basi.

Zilpa peke yake ndiye aliyeshuka. Walijaribu kumzuia lakini hakuzuilika. Alitembea hadi katikati ya daraja na nguo zake za safari, mchanga wa Malindi bado umo kwenye viatu. Sajini yule yule alikuwa kwenye kizuizi, anakula muhindi wa kuchoma.

"Mwalimu," alisema, "umerudi. Watu yako iko wapi?"

"Nimekuja kwa ajili ya kaka yangu."

"Kaka yako alikuwa nakimbia. Mtu asiyekuwa na makosa nakimbia nini?"

"Mnichukue mimi. Mimi ndiye niliyewapeleka."

Sajini aliacha kutafuna, akamtazama, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu tu, mchovu, mwenye dada yake mahali fulani. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "rudi kwako. Mimi siko naye tena. Walikuja na gari, wakaenda naye. Ukivuka hapa leo, na wewe utaenda, na yeye hatarudi." Akamgeuzia mgongo ili asimwone akiondoka.

Zilpa aliondoka.

Nasimiyu aliishi naye tangu siku ile. Kwa miezi ya kwanza hawakuweza kuzungumza kuhusu jambo hilo. Zilpa alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani ili asipate vidonda, kisha akaenda kufundisha. Siku moja Nasimiyu alimwuliza kama ni kweli alimwomba Ekwaro kutia sahihi. Zilpa alisema ni kweli. Nasimiyu akageukia ukuta. Siku ya tatu akageuka tena, akaomba uji, na hakuliuliza tena. Zilpa aliona afadhali angemtukana.

Matanga hayakufanywa. Wazee walisema huwezi kumlilia mtu ambaye hujui amekufa, na huwezi kumngoja mtu ambaye unajua hatarudi. Kwaya ilikufa yenyewe. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake siku ya mazoezi, na Zilpa hakumfuata yeyote.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ya ng'ambo ilianguka. Watu walianza kutoka magerezani, wengine wamebaki mifupa na macho. Zilpa alivuka daraja kila Jumamosi na kuuliza. Wiki ya nne alimpata mtu, fundi baiskeli, aliyekaa chumba kimoja na Ekwaro kwa siku kumi na moja.

"Walitaka aseme wale wengine wameishia wapi," alisema fundi yule. Aliongea akiangalia spoki anazozikaza. "Kila siku walimwuliza. Yeye alisema jambo moja tu. Wamekwenda kuona bahari, watarudi. Mimi nilidhani ni mtu rahisi, haelewi. Nikamwambia, mzee, sema mahali popote, useme hata uongo, wakuache. Akaniambia akitaja mji wowote watatuma watu wakaangalie."

"Siku ya kumi na mbili?"

"Walimwita asubuhi. Hakurudi." Alizungusha gurudumu, akalisikiliza. "Aliniachia sweta. Ningekupa, lakini nilimfunika mwingine, naye akafa."

Zilpa alirudi akamweleza Nasimiyu kila neno. Hakupunguza, hakuongeza. Jioni ile ndipo walipolia, wanawake wawili kwenye kitanda kimoja, kwa sauti, mpaka majirani wakaja wakidhani ni msiba mpya. Na majirani walipoelewa, wakaketi, wakakoka moto nje, na hayo ndiyo yakawa matanga ya Zephaniah Ekwaro.

Ochom alikuja mwezi wa tisa mwaka huo huo. Alikuwa amefundisha Zambia, amenenepa kidogo, nywele za kando zimegeuka mvi. Alisimama uani na kofia mkononi. Alikuwa ameleta blanketi na sukari, navyo vilikuwa chini miguuni pake kama vitu vya mtu mwingine. Alisema wote wako hai. Alisema Nabwire ameolewa tena na ana mtoto wa kiume, amemwita Zephaniah. Alisema amekuja kuomba msamaha na hajui unaombwaje.

Zilpa alikuwa amesimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi chini ya kwapa. Alijaribu kulitafuta ndani yake neno zuri, hata dogo, kwa ajili ya watu kumi na wawili wanaopumua, pamoja na mtoto yule. Alijua lipo. Hakulifikia.

"Nimechelewa darasani," alisema.

Kutoka ndani sauti ya Nasimiyu iliuliza ni nani. Zilpa akamwambia. Kuku akakwaruza ukutani.

"Yule wa besi?" Nasimiyu aliuliza. "Ana nguvu bado? Mwambie aingie anitoe nje. Wewe mgongo wako unauma tangu juzi, na mimi sijaota jua wiki nzima."

Ochom alimtazama Zilpa. Zilpa akasogea kando ya mlango, kiasi cha mtu mmoja kupita. Aliingia, akainama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, na baada ya muda akatoka amembeba mjane wa Ekwaro mikononi, taratibu, anatafuta pa kumweka.

"Pale," alisema Nasimiyu. "Sogea kidogo. Pale."

Zilpa alishika njia ya shule. Kengele ilikuwa imekwisha kulia.